Mgongo wa Murdo

Nimepakana mlango na Murdo Auld miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akikataa kucheza. Harusi, mwaka mpya, mazishi ya wazee waliokula chumvi nyingi, popote palipopigwa akodiani na fidla, Murdo ndiye wa kwanza kuinuka na wa mwisho kukaa. Kwa hiyo jioni ile tulipomwona ameubandika mgongo wake kwenye ukuta wa ukumbi wa meli, kilti mpya kiunoni, ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa Uskochi, muziki unalia na miguu yake imetulia tuli, kila aliyemfahamu alijua kuna jambo. Mimi nililijua jambo lenyewe. Mkewe hakulijua, au ndivyo tulivyodhani, na taabu yote ilianzia hapo.

Acha nikueleze habari za mtu huyu kwanza. Murdo alizaliwa Greenock, na akiwa na miaka kumi na sita aliingia kiwanda cha meli kujifunza useremala. Kazi yake ilikuwa mbao za ndani: milango, ngazi, vitanda na makabati ya mabaharia. Meli alizozitia mkono zimefika Bombay na Valparaiso, yeye mwenyewe amefika Rothesay tu, kisiwani hapo ng'ambo, kwa feri. Kiwanda kilipofungwa akawa mtunza shule ya msingi, na watoto waliokuwa wakimkimbia kwa ukali wake ndio leo watu wazima wanaomvulia kofia barabarani. Mdomo anao. Rafu ikipinda unywele mmoja nyumbani kwangu, atainywa chai yangu, atazimaliza biskuti zangu, kisha atauliza, "Jirani, hii rafu alikuwekea nani, adui yako?" Murdo hajui kulifumbia jicho kosa la kazi, na nakuomba ulikumbuke hilo.

Mkewe Senga ni mshona kilti. Hakuwa wa kiwandani, alikuwa wa mkono: sindano, uzi, na yadi nane za sufu kwa kila mwanaume. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana, na meza yake ndefu aliitengeneza Murdo kwa mbao zilizobaki kwenye meli fulani. Wanaume wa mji mzima wamepita pale. Ukimwambia Senga kiuno chako ni inchi thelathini na nne, anacheka, anapima mwenyewe, anaandika arobaini.

Mbele ya kilti ni kitambaa bapa tu, hata mimi naweza. Kazi iko nyuma. Kuna marinda karibu thelathini, na kila mkunjo hukunjwa mahali hasa ambapo mistari ya kitambaa itakutana tena, ili anayekutazama kwa nyuma aone mirabaraba ile ile kamili, kana kwamba hakuna kilichokunjwa. Mimi natoka kwa watu wa kanga, najua maana ya pindo kukaa sawa, ndiyo maana mimi na Senga tulipatana tangu wiki ya kwanza. Akikutana na mwanaume aliyevaa kilti barabarani, Senga hamtazami usoni. Anangoja apite.

Na mume wake? Kinyozi hajinyoi. Murdo alioa kwa suti ya kahawia. Harusi za wenzake alikwenda na suruali, na akiulizwa alijibu kwamba kilti ni za watu wa milimani na walevi wa mpira. Wenzake walikuwa wakikodi, na nguo ya kuazima haisitiri matako, tuliwaona wenyewe kila Jumamosi nje ya kanisa. Lakini ukweli niliujua. Kila mwaka Senga alimwambia, "Mwaka huu ni yako," na kila mwaka ikazuka harusi ya mtoto wa mtu, na Murdo akasogezwa nyuma ya foleni. Hakuwahi kulalamika. Ila hakukubali kuvaa kilti iliyoshonwa na mkono mwingine, na alilisimamia hilo miaka arobaini na tatu.

Miaka miwili iliyopita Senga alifunga karakana. Alisema vidole vimechoka. Mimi nilifanya kazi wodi ya macho miaka kumi na tisa, sikuhitaji kuambiwa. Nilimwona akitafuta ukingo wa meza kwa kiganja kabla hajaweka kikombe. Nilimwona akigeuza kichwa na kumtazama mtu kwa pembeni kama kuku, maana katikati ya macho yake palishaingia ukungu na pembeni tu ndiko alikoonea. Nilimuuliza mara moja. Akaniambia, "Shoga, tunza yako." Nikayatunza yangu na nikafunga mdomo.

Ndipo likaja suala la meli. Binti yao aliwaandalia safari ya siku nane, kutoka pale pale Greenock mpaka Norwei na kurudi. Yeye alikuwa awasindikize, akavunjika kifundo cha mguu, nikapewa nafasi yake. Karatasi ya safari ilisema kutakuwa na jioni mbili za mavazi rasmi. Senga alisomewa na Murdo, akasema, "Jioni zote mbili utavaa yangu."

"Umefunga karakana, mama," Murdo akamwambia.

"Nimewafungia watu. Wewe si watu."

Akaitoa meza, akawasha taa mbili, akavaa miwani juu ya miwani. Watu wa jina la Auld hawana kitambaa chao cha ukoo, kwa hiyo alichagua anachopenda: kijani kilichoiva, buluu, na mstari mwembamba mweupe unaopita katikati. Alishona miezi minne. Zamani kazi ile ilimchukua wiki mbili.

Siku ya kupanda meli walinzi walimnyang'anya Murdo kisu chake kidogo cha soksini, kile kinachovaliwa na kilti, butu hata siagi kinaikwaruza tu. Mkasi wa Senga, mkali kuliko ulimi wangu, wakauacha. Murdo akachomeka penseli yake nyekundu ya useremala kwenye soksi badala ya kisu, akasema sasa yuko tayari kwa vita yoyote ya mbao. Halafu akaanza kugonga kuta za meli kwa kifundo cha kidole, akitikisa kichwa kwa huruma.

Jioni ya pili ya safari ndiyo ilikuwa ya kwanza ya mavazi rasmi. Jua la kule kaskazini mwezi wa Juni halina haraka, lilikuwa bado limejaa madirishani. Senga alikwenda kutengenezwa nywele. Murdo akagonga mlango wangu.

"Idi, njoo unifunge mikanda hii." Jina langu Mwanaidi, wao wamelikata wakabakiza la kiume, nimezoea.

Niliingia chumbani kwao nikamkuta mbele ya kioo, na nasema kweli, alipendeza. Koti fupi jeusi lenye vifungo vya fedha, mkoba wa ngozi mbele, penseli soksini, na kilti imemkaa kiunoni kana kwamba alizaliwa nayo. Mzee wa miaka sabini na moja amesimama kama bwana harusi. Nikamfunga mikanda.

"Geuka nikuone nyuma," nikasema.

"Umeshafunga? Asante. Nenda kavae."

"Murdo, geuka."

Akageuka polepole, kama mtoto aliyeambiwa aonyeshe mikono. Nikauona. Mstari mweupe ulikuwa unashuka kwa mpangilio ule ule, mkunjo kwa mkunjo, mpaka wa kumi na saba. Hapo ulikuwa umesogea upana wa kidole gumba. Asiyejua asingeuona mwaka mzima. Anayejua, akishauona, haoni kingine.

"Umeona," akasema.

"Nimeona nini? Umependeza."

"Usinilee kama mgonjwa wako. Wa kumi na saba."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kujaribu. Wiki tatu."

"Na hukumwambia? Wewe? Wewe uliyesema mlango wangu una kilema mbele ya wageni wangu wa sikukuu?"

Akakaa kitandani, akakumbuka, akainuka, akayakusanya marinda kwa mkono kama alivyofundishwa, akakaa upya.

"Ningemwambiaje, Idi? Kainamia ile meza mpaka shingo imekuwa kama bawaba kavu. Anadhani sijui habari za macho yake. Nikimwambia mkunjo umepinda, nimemwambia macho yamekwisha. Kazi ya mwisho ya mtu. Siwezi."

"Basi vaa suruali."

"Suti nimeiacha nyumbani makusudi, nisije nikapata woga."

"Sasa utafanyaje?"

"Mgongo ukutani. Na wewe utatembea nyuma yangu."

"Mimi?"

"Una upana wa kutosha."

Nilimpiga kwa taulo. Lakini nilitembea nyuma yake, ngazi tatu na korido mbili, tumebanana kama watu walioiba kitu, na wazungu wa watu wakatupisha wakidhani mzee anaumwa.

Kama ingekuwa ukumbi wa watu wasiojua, tungepona. Wanaume wengi walivaa kilti jioni ile, na nyingi zilikuwa za kutia huruma. Meneja mmoja mstaafu wa benki alikuwa amepitisha pini kwenye tabaka zote mbili za mbele badala ya ile ya juu peke yake, akawa anatembea kwa hatua za bibi harusi. Lakini mezani kwetu, kiti kinachotazamana na cha Murdo, alikuwa amekaa Bi. Lorna Kinloch wa Edinburgh. Alikuwa na miaka themanini na saba, macho ya kipanga, na nusu ya maisha yake alikuwa akiwapa mtihani washona kilti wa nchi nzima. Senga alipata cheti kwake akiwa na miaka kumi na tisa, mara ya pili. Mara ya kwanza Bi. Kinloch alimwangusha kwa mkunjo mmoja.

"Hiyo ndiyo ya Senga?" akauliza kabla hata hatujakunjua vitambaa vya mapajani.

"Ndiyo, mama," Murdo akajibu akiwa amekaa.

"Simama nikuone."

Akasimama, uso kwake, amenyooka kama mlingoti.

"Mbele kila mtu anayo," Bi. Kinloch akasema. "Geuka."

"Supu imekuja, mama. Ya samaki wa moshi. Itapoa."

"Haya. Nitangoja. Niko baharini, nitakwenda wapi?"

Senga alikuwa amekaa kando yangu, amevaa blauzi ya hariri, uso umechangamka toka mchana. Nilimwona anageuza kichwa kwa pembeni kumsikiliza mumewe akikataa kugeuka. Tabasamu lake lilipungua kidogo kidogo, na mpaka sahani za supu zinaondolewa halikuwepo tena.

Akodiani ikaanza. Watu wakajipanga wawili wawili. Murdo alishateleza mpaka ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Senga akamfuata kwa kupapasa viti, akamnyooshea mkono.

"Haya mzee, twende."

"Goti, mama."

"Goti gani?"

"La kushoto."

"Asubuhi lilikuwa linapanda ngazi mbili mbili."

"Ndiyo maana limechoka."

Senga akauteremsha mkono wake. Alirudi mezani, akakaa, akaikunja leso yake mara nne na kuikunjua mara nne. Nyimbo mbili zikapita. Yule meneja wa benki akaja kumwomba wacheze, akamkatalia kwa adabu.

"Shoga," akaniambia, "ananionea haya."

"Nani, Murdo? Hapana."

"Nimevalisha waume za watu maisha yangu yote. Nimemvalisha wangu, kaenda kujificha jikoni."

Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililoniinua kitini. Nilimwendea Murdo pale ukutani. Alikuwa anaukagua mlango wa jikoni ili asitutazame.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Wangu umefichwa na yadi nane."

"Sisemi huo. Mkeo anadhani unamwonea haya. Kaninong'oneza sasa hivi."

Murdo akauachia mlango. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetia msumari kwa uangalifu wote, kisha akasikia bomba la maji likipasuka nyuma ya ukuta.

"Haya kwa ajili ya nini?"

"Unamwuliza nani? Kamwulize mwenyewe."

Meza yetu ilikuwa ng'ambo ya sakafu ya kuchezea. Hakuzunguka kwa kupitia kuta. Alikatiza katikati, mgongo wake wote hadharani, na macho hayana pazia. Nilimwona Bi. Kinloch akiweka kijiko chini. Murdo akafika, akavuta kiti, akakusanya marinda yake, akakaa mbele ya mkewe goti kwa goti. Nami nikasimama nyuma yao, sikuona sababu ya kwenda mbali.

"Senga. Kuna mkunjo umepinda."

"Upi?"

"Mama, si lazima tu..."

"Nimeuliza upi."

"Wa kumi na saba."

Senga akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka pamoja nayo.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nangoja hilo neno."

"Ulijua?"

"Niliushika siku ile ile niliyomaliza. Kina chake hakilingani na wenzake. Macho ndiyo yaliyokwisha, Murdo, vidole ninavyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka useme wewe. Hujawahi kuniachia kosa. Ulisema habari ya chumvi, ulisema habari ya mapazia, ulisema keki haijaiva siku ya msiba wa mama yako. Siku ya kujaribu nikakugeuza mbele ya kioo, nikasikia pumzi yako imekatika. Nikangoja. Ukasema, 'Nzuri sana.'" Akatikisa kichwa. "Hapo ndipo nilipojua nimekuwa kipofu. Mtu mzima na afya yake haambiwi nzuri sana na Murdo Auld."

Murdo alimshika mkewe vidole, vyote kumi, akavitazama kama vile angeulizwa habari zake mtihanini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi yangu niliyafuta.

"Nilikuogopea," akasema.

"Nilijua. Ndicho kilichoniuma."

Wimbo ukaisha. Kisha Murdo akakohoa, akarudi kwenye sauti yake ya siku zote.

"Basi nitasema. Umepinda. Umepinda kama rafu ya Idi."

Senga alicheka. Kwanza bila sauti, halafu kwa sauti. Nami nikamwambia Murdo rafu yangu haimhusu.

"Kesho tunaufungua," Senga akasema. "Leo tunacheza. Wanaotaka kuhesabu wahesabu."

Walicheza nyimbo tano. Goti la kushoto halikusikika likilalamika. Marinda yalifunguka na kujikunja katika kila mzunguko, na mkunjo wa kumi na saba ulikuwa unapita mbele ya macho ya Bi. Kinloch kila baada ya hatua nane. Bi. Kinloch alikula aiskrimu yake.

Siku tatu zilizofuata meli ilipita kwenye milima ya Norwei, na abiria wote wakawa upande mmoja na kamera zao. Sijui kama Murdo na Senga waliona hata mmoja. Walikaa kwenye meza ya kioo kwenye sitaha ya juu, penye mwanga mkubwa, vichwa viwili juu ya kitambaa kimoja. Senga alifungua bitana kwa kugusa tu, akafumua mshono kutoka kiunoni hadi nyongani, haraka kuliko mimi ninavyomenya chungwa. Halafu wakaanza kuusogeza mstari.

"Kushoto," Murdo akasema. "Unywele mmoja. Umezidisha. Rudi. Rudi. Hapo."

"Una hakika?"

"Nimefunga milango ya meli sitini. Hapo."

Senga akabana kwa pini. Kisha akatia uzi kwenye sindano, kwa ulimi na midomo kama siku zote, akampa mumewe.

"Shona."

"Nani, mimi?"

"Mimi siuoni mstari, wewe huna mkono. Tukijumlishwa tunapata fundi mmoja."

Murdo alijichoma mara mbili kabla ya chai. Senga aliupitishia kidole gumba kila mshono alioutia. "Fumua," anasema. Anafumua. "Mrefu. Fumua." Anafumua. Nilihesabu mara tisa, nikaacha kuhesabu. Mpita njia mmoja akawauliza kwa upole kama hawaoni maporomoko ya maji yalivyo mazuri. Murdo akamjibu kwamba ana kazi. Nilimfahamu wakati kiwanda kimemwachisha, nilimfahamu siku alipostaafu shule, na sikuwahi kuona mtu wa umri wake akikubali kufundishwa upya kazi ya mwenzake, tena hadharani, tena akakemewa kila dakika, na akae ametulia hivyo. Jioni ya siku ya tatu Senga alipitisha kidole kwenye mshono wote kutoka juu hadi chini. Alirudia tena. Hakusema fumua.

Jioni ya pili ya mavazi rasmi nilimngoja Murdo koridoni ili nitembee nyuma yake kama zamani.

"Pita mbele, jirani," akaniambia. "Unaniharibia mandhari."

Alishuka ngazi mbele yetu sote. Tulipofika mezani Bi. Kinloch alishakaa. Murdo hakungoja kuambiwa. Alimwamkia, akamgeuzia mgongo, akasimama.

Bibi yule akatoa miwani kwenye mkoba, akavuta kiti karibu, akainama. Alihesabu kwa kidole bila kugusa kitambaa. Kidole kilifika kwenye wa kumi na saba, kikasimama.

"Mstari umenyooka," akasema.

"Umenyooka," Senga akajibu.

"Juzi ulikuwa umepinda."

"Ulikuwa umepinda."

"Ila huu mshono si wako. Una hatua ndefu. Kashona nani?"

"Mwanafunzi wangu."

"Ana muda gani kazini?"

"Siku tatu."

Bi. Kinloch alivua miwani, akaikunja, akairudisha mkobani bila haraka.

"Ningemwangusha," akasema. "Mwambie aje mara ya pili."

Senga akaweka mkono mdomoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa tena, na safari hii alikuwa anacheka huku analia, na Bi. Kinloch akamsogezea mkate kana kwamba hakuna kilichotokea.

Murdo hakugeuka. Masikio yake yalikuwa mekundu. Aliendelea kusimama pale na mgongo wake kwa ukumbi mzima, mikono ubavuni, penseli soksini, hata watumishi waliobeba sahani wakawa wanamzunguka. Akodiani ilipoanza bado alikuwa amesimama hivyo hivyo. Ikabidi Senga aondoke kitini, amshike bega, apapase njia mpaka mbele yake ili waweze kucheza.